Makosa Matatu Yaliyosahihishwa

Kwa miaka kumi na tisa Profesa alichunguza jambo moja tu: kwa nini mtu akiri mbele ya polisi kosa ambalo hakulitenda. Mahakimu walimsikiliza mpaka vikohozi vyake. Kisha kitinda mimba wa kwao, mtunza stoo wa shule, akakamatwa, na siku ya pili akakiri kuichoma stoo hiyo kwa moto uliomuua mlinzi. Mganga hajigangi, wanasema, na kama kuna siku Profesa aliuchukia msemo huo, ni siku hiyo.

Mdogo wake alikuwa mtu wa samahani. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Mpelelezi alimvutia Profesa kiti kwa heshima zote.

“Shikamoo, Mwalimu. Imetuuma na sisi. Lakini tumefuata semina yako. Hakuguswa hata ukucha, na maelezo ameyasahihisha mwenyewe.”

Profesa aliyasoma. Mlango wa kijani ulikatwa kwa kalamu ukawa wa bluu, rafu mbili zikawa tatu, kufuli ikahamia ndani. Kando ya kila sahihisho palikuwa na herufi za mwanzo za jina la mdogo wake. Ni Profesa mwenyewe aliyewaeleza polisi kwenye semina kwamba wako wapelelezi wanaopachika makosa madogo makusudi, ili mshukiwa ayarekebishe na mahakama iamini kwamba alikuwepo. Alidhani anawaonyesha sumu, kumbe wao walikuwa wananakili mapishi. Na mtunza stoo gani asiyejua rangi ya mlango wake?

Wakili wa mdogo wake alikuwa ameshamwambia Profesa wazi: ushahidi wa dada wa mshtakiwa utachekwa, awe profesa mara kumi. Lililobaki ni mdogo wake kuyakana maelezo kesho, kwa kinywa chake, mbele ya hakimu. Asipofanya hivyo, ni kifungo cha maisha.

Chumba cha wageni cha mahabusu kilikuwa na benchi mbili na askari mmoja aliyekuwa akichokonoa meno.

“Shikamoo, dada. Samahani kwa usumbufu.”

“Marahaba. Niambie, uliichoma?”

“Mwanzo nilisema hapana. Afande akasema akili ikizidiwa hufuta mambo. Nikaona huenda.”

“Ulikuwa umelala kwako. Mkeo alikuwa kando yako.”

“Afande anasema mke hawezi kusema vingine.”

Profesa alijieleza nusu saa nzima. Alimfafanulia mtego wa makosa matatu, saa kumi na nne za maswali, na upole wa yule afande, ambao ndio ulikuwa mbaya kuliko vyote. Mdogo wake aliitikia kwa kichwa kila sentensi ilipoisha. Moyo wa dada ukaanza kutulia, akatoa karatasi ya wakili ya kuyakana maelezo.

“Kwa hiyo kesho utamwambia nini hakimu?”

Mdogo wake alimkodolea macho usoni, kama mwanafunzi anayelitafuta jibu kwenye midomo ya mwalimu.

“Kwamba sikufanya?”

“Nakuuliza wewe. Unajua kwamba hukufanya?”

“Wewe ndiye msomi, dada. Ukisema sikufanya, basi sikufanya.”

 Kesho mwendesha mashtaka naye angemuuliza kwa upole, na angejibiwa vivyo hivyo.

Mdogo wake alikuwa ameshaichukua kalamu. “Samahani, dada,” alisema. “Niweke wapi sahihi?”