Kumwachia Shemeji Sindano

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu dada yake aolewe, na Kitinda bado alikuwa akigeuka. Kila ikifika saa kumi, pasi ikiwa mkononi, aligeuka kuitazama meza ya pili pale kwa dobi, alipokuwa akipigia pasi dada yake, aone kama amekula. Meza ile sasa alikuwa amepewa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye afya ya chuma.

"Wewe binti, mbona unanikodolea macho? Nimekuibia mchumba?"

Kitinda akainama tena kwenye kola ya shati.

Tangu akiwa na miaka tisa, yeye ndiye alikuwa mlinzi wa sukari ya Dada, aliyeugua kisukari. Nyumbani wengine walishtuka Dada alipoanza kutetemeka. Kitinda alijua mapema. Sukari ikianza kushuka, Dada alikunjua nguo alizokwisha kukunja, akazikunja upya, kisha akazikunjua tena. Hapo Kitinda alimtilia chai sukari nyingi bila kuulizwa. Mara mbili tu alichelewa, Dada akazimika kabisa, na mara zote mbili alimdunga kwa mkono wake ile sindano ya glukagoni, ambayo hulifanya ini limwage akiba yake ya sukari. Sasa kazi hiyo haikuwa yake tena. Nyumbani walifurahi kwamba sasa amepumzika. Yeye alikuwa na njaa nayo.

Jumapili alikwenda kumtembelea. Dada na mumewe, seremala, waliishi vyumba viwili nyuma ya karakana, na vumbi la mbao lilikuwa hata kwenye pazia. Dada alikuwa amejidunga sindano yake ya insulini ya mchana, kisha akasema amalize kwanza kupanga mashuka ndipo apakue chakula.

"Kula kwanza," Kitinda akasema.

"Umeanza. Mume ninaye, sasa mama mkwe umetoka wapi?"

Wakacheka. Kitinda akaenda kuosha sahani uani, maana hakutaka kuonekana mkorofi katika nyumba ya watu. Aliporudi, Dada alikuwa akilikunjua shuka alilokwisha kulikunja. Akaita. Dada akamtazama kama mtu anayetazama ukuta, akateleza taratibu mpaka sakafuni.

"Shemeji!"

Shemeji aliingia mbio, penseli sikioni, akanyakua chupa ya soda mezani na kumwinua Dada kidevu.

"Usimtie kitu mdomoni! Hamezi huyo, atapaliwa."

Kitinda alikwisha kulipata boksi la glukagoni kabatini. Mikono yake iliijua njia yote. Lakini Shemeji alipiga magoti mbele yake akanyoosha kiganja.

"Nipe mimi."

"Si wakati wa kujifunza, shemeji."

"Na kesho je? Kesho wewe uko kwa dobi. Niko naye mimi."

Alitamani kumchukia. Hakuweza, kwa sababu alisema kweli. Akampa boksi, akabaki karibu kiasi cha kumgusa.

Shemeji alilifungua upesi. Akaivua sindano kofia, akaielekeza kwenye paja. Kitinda akamdaka mkono.

"Na unga?"

"Unga gani?"

Kitinda akaonyesha kichupa kilichobaki kwenye boksi.

"Si ndio ule wa kuzuia unyevu? Kwenye maboksi ya vitasa huwa upo."

"Dawa ndiyo hiyo! Humo ndani ya bomba ni maji tu. Yaingize kwenye kichupa. Haya, zungusha. Polepole, usitikise, siyo gundi hiyo! Yakiwa maangavu, vuta yote."

Akavuta. Kitinda akamsaidia kutoa hewa, akairudisha mikono yake, akaikalia. Shemeji akadunga paja, akasukuma mpaka mwisho. Kisha wakamlaza Dada kwa ubavu, maana akizinduka huenda akatapika, na Shemeji akamwita jirani mwenye pikapu ya kubebea mbao.

Dakika kumi hivi zilipita. Kitinda alihesabu pumzi. Mwishowe Dada akakunja uso, akatapika kidogo, akafumbua jicho moja.

"Kitinda," akasema kwa ulimi mzito. "Umenidunga tena, eti?"

Neno "ndiyo" lilimjaa Kitinda mdomoni, tamu. Angeweza kunyamaza tu na sifa ingekuwa yake. Shemeji mwenyewe alikuwa akifuta sakafu kwa shati lake.

"Si mimi," akasema. "Mumeo huyo."

Dada akaligeuza lile jicho. Akamtazama mumewe kwa muda, kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Fundi wewe? Na paja langu ni zima, hujalipigilia msumari?"

Shemeji akacheka, kisha akalia.

Dada alipoweza kumeza vizuri walimpa ile soda na mkate, halafu wakampeleka zahanati akapimwe. Mbele ya pikapu palikuwa na nafasi ya watatu: dereva, Dada na Shemeji. Kitinda akapanda nyuma, akakaa juu ya mbao, uso wake kwenye kidirisha cha kioo nyuma ya dereva.

Barabarani aliona kichwa cha Dada kikiinama. Asisinzie, akawaza, msemeshe, muulize siku gani leo. Akainua vidole agonge kioo. Lakini midomo ya Shemeji ilikuwa tayari ikienda, ikienda bila kupumzika, na Dada alikuwa akitikisa kichwa, anakataa, anabisha, anacheka. Kitinda hakusikia hata neno moja. Aliviacha vidole pale pale juu ya kioo, bila kugonga, mpaka walipofika.