Sentensi ya Mfano

Nafisa alipewa kazi ya kuandika mwongozo wa chombo ambacho hakukiunda yeye. Shirika lililomwajiri pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, lilikuwa limeleta mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, na chombo hicho ndicho kilichoziwezesha kuweka habari Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp: siku za chanjo, saa za zahanati, mahali pa kupata mbegu. Mwongozo wenyewe haukuwa wa kusomwa na watu. Wangeusoma mawakala, ndio wajue ujumbe unapangwaje, picha inaambatishwaje, na watu wa pwani hii wanasemaje.

"Andika kama unavyoongea nyumbani," alimwambia Januário, chefe wake, mkuu wa ofisi. "Kiswahili cha redioni watu hawakiamini."

Basi akaandika, na kila maelezo akayapa mfano. Alipofika kwenye habari za vijiji alikwama, mpaka akamkumbuka mama yake mdogo, Awa, aliyekimbia vita kijijini kwao Mute pamoja na mumewe Dauto. Tangu siku hiyo walikuwa wakikaa chumba cha nyuma cha nyumba ya Nafisa, na haikupita siku Awa asiitaje mihogo yake. Nafisa akaandika: "Ndugu zetu wa Mute, kwetu kumetulia. Njia nyeupe, mihogo imekomaa inangoja wenyewe. Haya, turudini." Akaisoma tena, akatabasamu. Ilikuwa dua zaidi kuliko mfano.

Chini yake akaweka onyo: mifano si habari, isitumwe, na neno lolote la usalama lisitoke kabla mtu hajalipitisha.

Januário alilifuta onyo lote. "Wakala akisomeshwa mengi anakuwa mzito. Halafu huyo mtu wa kupitisha ni nani? Tumeleta mashine ili tupumzike, wewe unaturudisha kulekule."

"Chefe, hili si la kuacha wazi."

"Zina akili hizi, Nafisa. Mfano zitaujua ni mfano."

Hakubishana tena. Alishazoea kuona maneno yake yakikatwa, na upande mmoja wa moyo wake ulitaka kuamini kwamba Januário anajua anachosema.

Baadaye makao makuu yakadai habari nyingi zaidi za vijijini. Wakala hakuwa na habari yoyote ya Mute. Alichokuwa nacho ni mfano. Akauchukua kama ulivyo, akautafutia picha ya shamba la kijani, akautuma kwenye makundi yote.

Siku hiyo Nafisa alikuwa mji wa Mocímboa, harusini kwa wakweze. Alikuwa akiwapakulia wageni pilau pale binamu yake mmoja alipomnyooshea telemovel, simu yake ya mkononi, huku machozi ya furaha yakimtoka. "Alhamdulillahi, Mute wanarudi!" Nafisa akayasoma maneno yake mwenyewe. Akauacha mwiko, akachukua simu yake.

Alimpigia mama mdogo, simu haikushika. Akampigia Dauto, haikushika. Akampigia Januário, akapiga kelele mbele za watu: "Futa! Futa sasa hivi!" Januário akafuta. Lakini ujumbe ulikuwa umeshapita mkono hadi mkono, wengine wameupiga picha, wengine wameusoma kwa sauti wakaurekodi kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma. Nafisa aliporudi Palma, chumba cha nyuma kilikuwa na kufuli.

Siku chache baadaye Awa alirudi peke yake, pekupeku, miguu imevimba. Alikaa kizingitini, akakataa kuingia ndani.

"Nyumba tumekuta kuta tu," alisema. "Dauto akaenda kuangalia mihogo. Nikasikia bunduki. Nikakimbia, mwanangu. Hata kumfunika sikumfunika."

Nafisa alipiga magoti, akamshika miguu. Awa aliendelea, macho yako mbali.

"Yeye alisita. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia, aliyeandika haya ni mtu wetu, sikia anavyosema. Mgeni hawezi kusema mihogo inangoja wenyewe."

"Mama mdogo, niliandika mimi. Ulikuwa mfano tu, wa kufundishia mashine. Haukuwa wa kutumwa."

Awa aliivuta miguu yake kutoka mikononi mwa Nafisa.

"Hayo ni maneno yangu," alisema. "Kila siku nayasema jikoni kwako. Kumbe ulikuwa unanisikiliza."

Ofisini, ripoti ya Januário ilisema kosa lilitokana na mwandishi wa mwongozo. Onyo lililofutwa halikutajwa. Wiki hiyohiyo akamwita Nafisa, sauti laini kabisa. Ule ujumbe, alisema, ndio uliosomwa na watu wengi kuliko yote. Lugha yake imewashika. Angeweza kuandika mingine ya namna ile, bila kugusa usalama?

"Na onyo langu?"

"Tutaliangalia."

Nafisa alizima kompyuta, akachukua mkoba wake, akatoka. Nafasi yake ilichukuliwa na Sebastião, kijana mpole kutoka Mueda, na chombo kikaendelea kutuma.

Dauto alisaliwa bila maiti. Baada ya hitima, Awa alihamia kwa wifi zake, ng'ambo ya soko. Nafisa humpelekea mchele na samaki, na hupokelewa vizuri, hupewa mkeka. Wanawake wa pale huwa wanaongea na kucheka kidogo, na Awa huwa katikati yao akisimulia. Nafisa akishakaa, Awa huitikia salamu, kisha hunyamaza mpaka Nafisa aondoke.