Fyuzi Aliyevikwa Koti

Jana usiku niliota, na msinicheke kwanza, kwamba hita ya mama na jiko langu la umeme wameketi mezani, wamekunja nne, wanasubiri kupimwa.

Mama yangu amekuja kunitembelea hapa Tukuyu. Baridi inamtesa, ndiyo maana nikamwekea hita chumbani. Hita na jiko vinatumia ekstensheni moja, na waya wake nimeupitisha chini ya godoro la mama ili mtu asijikwae. Fyuzi ya plagi ya ekstensheni hiyo ilipoungua Jumanne niliiviringishia karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, kama wafanyavyo watu wote. Umeme ukarudi. Jana usiku nikabandika maharage, usingizi ukanipitia.

Basi, anaingia mita wa fundi, kavaa miwani, kashika kisu changu cha mboga.

"Unasukumwa na volti ngapi?" anamuuliza hita.

"Mia mbili na arobaini."

"Unapitisha ampea ngapi?"

"Nane."

Mita anailaza mia mbili na arobaini juu ya kibao cha nyama, anaikata kwa nane. Anaonja kipande. "Ukinzani wako ni omu thelathini," anasema. Jiko anapitisha ampea sita. Mia mbili na arobaini yake inakatwa kwa sita, inatoka arobaini. Jiko anajiona mtu mkubwa.

"Na nguvu yao?" nauliza.

"Nguvu haikatwi. Inazidishwa."

Volti na ampea wa hita wanaingia stoo, wanafunga mlango. Wanatoka wati elfu moja mia tisa na ishirini, wote jasho tupu, wanauliza wakae wapi. Wa jiko wanafuata, elfu moja mia nne na arobaini. Mimi nina viti vinne.

"Ampea nane na sita ni kumi na nne," anasema mita. "Mlinzi wako mwisho wake kumi na tatu. Yuko wapi?"

Fyuzi yuko mlangoni, kavaa koti la karatasi ya sigara.

"Mbona huwazuii?" namuuliza.

"Dada, mimi nimekufa tangu Jumanne. Kazi yangu ni kufa wakizidi, na nilikufa vizuri tu. Wewe ukanivika koti, ukanisimamisha mlangoni. Maiti atamzuia nani?"

Ampea kumi na nne wananipita mbio, na jikoni pamekuwa chumbani kwa mama. Wanajipenyeza chini ya godoro lake. Moshi mwembamba unaanza kutoka.

Mama anafumbua macho. "Sekela, wageni wako wana miguu ya moto. Lakini waache, wasije wakaona nawafukuza."

Hapo niliogopa, sifichi. Mama yangu angeungua kwa adabu zake. Nikamrukia fyuzi, nikamvua koti kwa meno. Akaanguka taratibu.

"Asante dada," akasema. "Nilichoka kusimama."

Nikaamka niko sakafuni. Maharage yamepoa, hayajaiva. Plagi iko ukutani, skrubu zake zimekazwa vilevile. Lakini kinywani nilikuwa na kipande cha karatasi ya sigara, kina alama za meno.

Nikaenda chumbani, nikapeleka mkono chini ya godoro. Waya ulikuwa bado vuguvugu.

"Sekela," mama akasema, akivuta blanketi, "wale wageni wako wameshakwenda? Na hata chai hukuwapa."