Kompyuta ya Kazi Gani

Mama Tone aliijenga kompyuta yake kwa miezi minane, kipande kwa kipande, kama watu wanavyojenga nyumba kwa tofali la kila mwisho wa mwezi. Kasha alilipata ofisi moja ilipokuwa inahama, nalo lilikuwa limebonyea ubavuni. Skrini ilikuwa na mstari mweusi upande wa kulia, mwembamba kama uzi, na alishauzoea kiasi kwamba siku nyingine hauoni. Diski, feni, prosesa, na ule ubao mkubwa unaobeba vyote ambao mafundi wanauita madabodi, vilikuja kimoja kimoja ndani ya mkoba wake wa kazini, vimeviringishwa kwenye taulo. Vyote vilikaa kwenye meza ya chumba chake kimoja, na kati ya meza na ukuta palikuwa na kitanda kidogo kilichotandikwa vizuri, ambacho hakikuwa kimelaliwa tangu mwaka jana.

Kitanda kilikuwa cha binti yake, Tone, anayekaribia miaka sita. Tone alikuwa kwa bibi yake, safari ya siku nzima kutoka pale. Mama yake alifua mashuka ya hospitali kwa zamu, wiki hii alfajiri, wiki ijayo jioni, saa zisizo na kichwa wala miguu, na jirani wa kumwachia mtoto kwa saa kama hizo hajazaliwa. Baba wa mtoto aliondoka zamani, na hadithi yake haina kipya. Ndipo bibi alipomchukua mjukuu, akasema mlangoni, begi likiwa tayari begani:

"Mtoto si mzigo wa kuachwa mapokezi. Siku utakapopata kazi ya kukaa naye, nipigie, nitamleta mwenyewe. Kabla ya hapo usinililie kwenye simu."

Na kazi ilikuwepo. Kuna ofisi iliyokuwa ikiwapa watu rekodi za mikutano wazisikilize na kuziandika wakiwa nyumbani kwao. Kuchapa alikuwa amejifunza darasa la jioni, vidole vyote kumi, bila kutazama kibodi. Kilichobaki ni mtihani. Dakika arobaini, kwa kompyuta yako mwenyewe, msimamizi akikufuatilia kupitia mtandao, Jumamosi saa nne asubuhi. Ukishindwa, unasubiri miezi sita. Mwezi uliofuata shule zilikuwa zinafungua. Akishindwa Jumamosi, Tone ataandikishwa darasa la kwanza kule kwa bibi, na mwaka mzima utakuwa umekwenda.

Kompyuta ilikuwa imebakiza RAM tu.

Vifaa vyake alivinunua kwa fundi mmoja aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Kapasita, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Duka lake lilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, jembamba mno hata mteja wa pili anasubiri nje. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi ya kila kitu. "Diski ni kabati," alimwambia siku moja. "RAM ni meza. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka karatasi unainuka kwenda kabatini. Unainuka, unakaa, unainuka, mwisho unachoka unasimama katikati ya chumba. Hapo ndipo mnaposema mashine imekwama."

Ukweli ni kwamba Kapasita ndiye mtu pekee aliyezungumza naye kwa kirefu. Kule kwenye mashuka mashine zinanguruma, watu wanaelewana kwa mikono na nyusi. Nyumbani ni yeye na redio. Na siku ya kwanza kabisa, Kapasita alipomuuliza, "Kompyuta ya kazi gani?", akaona akisema ya kazi ataulizwa kazi gani, na akisema kazi gani ataulizwa kwa nini, na mwisho wa maswali hayo yote ni mtoto asiyekaa na mama yake. Watu wana midomo. Akajibu, "Ya mtoto. Ya michezo."

Basi uongo ule ukaota miguu. Kila alipokwenda dukani Kapasita aliuliza habari za mtoto, naye hakutaka kurudi mikono mitupu, akawa anambuni Tone wa asubuhi ile. Tone kaficha kiatu kimoja. Tone kakataa kuchanwa nywele. Tone katokwa na jino. Alipokuwa akirudi nyumbani baada ya hapo, nusu ya njia alikuwa akitabasamu peke yake, kisha nusu ya pili ilikuwa mbaya.

Alhamisi alipotoka zamu ya alfajiri alipitia dukani.

"Karibu, mama wa mchezaji," Kapasita alisema bila kuinua kichwa. "Bosi wangu hajambo?"

"Hajambo. Leo kagoma kunywa uji."

"Mwambie mimi nikigoma kwangu napewa maji."

Akatandika kitambaa juu ya kioo, akapanga RAM za aina mbili. Jozi ya kwanza ilikuwa imevalishwa makoti meusi yenye taa zinazobadilika rangi. Ya pili ilikuwa vibao vya kijani, uchi kama vilivyozaliwa, vimetolewa kwenye mashine za ofisi.

"Hizi nyeusi zina mbio. Nne na nne, jumla giga nane. Hizi za kijani zinatembea kiutu uzima, ila ni nane na nane, kumi na sita. Meza pana. Mtu wa maandishi na madirisha mengi ningempa hizi nisimuulize. Mtoto wa michezo ya kurukaruka ningempa nyeusi. Bei ni ileile, chagua wewe."

Mkono wa Mama Tone ulikwenda kwenye kijani. Ulikwenda wenyewe, kwa sababu ulijua.

"Ila bosi wangu taa atazipenda," Kapasita akasema, akatabasamu kama mjomba anayeleta zawadi.

Mama Tone alikumbuka karatasi ya ile ofisi. Ilikuwa imeandikwa, giga nane au zaidi. Nane zilikuwemo. Na akichukua kijani, itabidi aeleze kwa nini.

"Atazipenda," alisema, akachukua nyeusi.

Mchana ule alizichomeka. Alibonyeza kwa dole gumba pande zote mbili mpaka vishikizo vikalia *ta, ta*, akawasha, skrini ikaja. Alikaa akiitazama kama mtu anayetazama maziwa yasije yakamwagika. Taa zilikuwa nzuri kweli, bluu, kisha zambarau, kisha rangi ya machungwa ukutani juu ya kitanda kidogo. Hapakuwa na wa kumwambia njoo uone.

Ijumaa, ya kwanza kati ya siku zake mbili za mapumziko, akajaribu zoezi walilotumiwa watahiniwa. Rekodi huku, ukurasa wa kuandikia kule, kamusi, na dirisha la msimamizi pembeni, vyote kwa pamoja. Dakika ya kumi na mbili mshale ukaganda. Kwenye spika za masikioni sauti ya mwenyekiti wa mkutano ikakwama kwenye silabi moja, *ma-ma-ma-ma*, kama anayeita. Akazima, akawasha. Mara ya pili ilifika dakika ya tisa. Mara ya tatu ilijitahidi ikafika kumi na tisa, kisha yakawa yaleyale. Taa ziliendelea kubadilika rangi bila wasiwasi.

Alizichomoa, akaziviringisha kwenye taulo, akatoka.

Dukani kwa Kapasita paliningʼinia kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: KIKIVUKA MLANGO NI CHAKO. Alisimama chini yake na taulo mkononi.

"Zimeungua?" Kapasita aliuliza.

"Hapana."

"Bosi kazikataa?"

"Mtoto hayupo, fundi."

"Kaenda wapi?"

"Hayupo nyumbani. Yuko kwa mama yangu. Tangu mwaka jana."

Kapasita aliweka bisibisi chini. "Na uji wa jana?"

"Hakuna uji."

"Na lile jino?"

"Jino ni kweli. Lilingʼoka hukohuko. Nilisimuliwa kwenye simu."

Fundi alichukua brashi ndogo akaanza kusafisha kitu ambacho kilikuwa safi. 

"Mimi mtoto huyo namsimulia mke wangu," alisema. "Tukikaa kula, mke wangu ananiuliza, yule bosi wako leo kasemaje? Sisi hatukujaliwa. Basi namwambia kaficha kiatu, anacheka."

"Nisamehe."

"Sijui kama nimekasirika. Ngoja kwanza."

Akangoja. Alitamani kuondoka, lakini Jumamosi ilikuwa kesho.

"Haya," Kapasita alisema hatimaye, akavua miwani, akaivaa tena. "Kompyuta ya kazi gani?"

Akamwambia. Rekodi, mtihani, dakika arobaini, bibi mlangoni na begi, darasa la kwanza. Alikuwa hajawahi kuyasema yote kwa mpigo, na alishangaa kwamba yaliisha upesi hivyo. Miezi minane aliyabeba kama gunia, kumbe ni maneno ya dakika tatu.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza, hata madabodi ningekupa nyingine. Hiyo yako mbio za hizi RAM nyeusi haizijui kabisa. Umenunua farasi umemfunga mlangoni." Akavuta droo. "Na zile za kijani zimetoka jana. Umegeuka tu, mtu kazichukua."

"Zote?"

"Zote. Nina hii." Akatoa kibao kimoja, cha kijani, kirefu, bila koti. "Kumi na sita, lakini ni moja. Haina mwenzake. Nafasi ya pili itabaki tupu. Au nikuchanganyie nane ya kampuni hii na nne ya kampuni ile, zikae mbili."

Safari hii hakusubiri aambiwe. "Hizo za kuchanganya zinapatana?"

"Ndoa ya kulazimishana. Leo zinacheka, kesho kila mmoja kalala upande wake."

"Na hii moja?"

"Ikiwa peke yake inakwenda pole kidogo kuliko mbili zinazosaidiana. Lakini haigombani na mtu."

Mama Tone aliigeuza mkononi, akatazama pengo dogo kwenye meno ya shaba ya kibao hicho, akalinganisha na picha ya madabodi kwenye simu. Pengo lilikaa panapotakiwa.

"Kazi yangu ni maneno, fundi, picha sina. Polepole naiweza. Kukwama ndiko siwezi. Nipe hii."

Kapasita akakunjua taulo, akachukua zake nyeusi, akaweka ile ya kijani mahali pake. Mama Tone akatupa jicho kwenye boksi lililoningʼinia.

"Hiyo niliandika kwa ajili ya wanaounguza vitu," alisema Kapasita. Hakumwambia mlete mtoto siku moja, kama alivyozoea. Hakusema hata kwaheri vizuri. Alikuwa ameshainamia kazi.

Jumamosi saa nne kamili sauti ya mwanamke ikamwambia anza. Mkutano ulikuwa wa watu wanaogombana juu ya mtaro wa maji machafu, na wote walisema kwa pamoja. Vidole vyake vilikimbia. Dakika ya kumi na mbili ilipofika aliutupia mshale jicho. Ikapita. Ya kumi na tisa ikapita. Kurasa zilifunguka kwa uzito kidogo, kama mtu anayeinuka kitini akishika kiuno, lakini zilifunguka. Dakika ya arobaini mjumbe mmoja alikuwa bado analalamika juu ya harufu pale rekodi ilipokatika.

"Umemaliza vizuri," msimamizi alisema. "Hapo ulipo pamekuwa kimya sana. Unaishi peke yako?"

Kwenye fomu ya maombi palikuwa na swali kuhusu watoto wadogo, na kila mtu alijua limewekwa kwa nini: ofisi haikutaka kelele za watoto. Akikubali tu kwamba yuko peke yake, hatakuwa amedanganya. Chumba kizima kingemshuhudia.

"Leo niko peke yangu," alisema. "Lakini nina binti anakaribia miaka sita. Kazi hii nikiipata, atakuwa hapa na mimi. Ndiyo sababu naitaka."

Kimya. Alitazama mshale kwa hofu, akidhani mashine imekwama. Haikuwa imekwama. Upande wa pili vidole vilikuwa vinaandika.

"Anaanza shule?"

"Mwezi ujao."

"Basi nakuwekea rekodi za asubuhi, akiwa darasani."

"Ina maana nimepata?"

"Ina maana nakuwekea rekodi za asubuhi," msimamizi alisema, na sauti yake ikalainika kidogo. "Barua itakuja Jumatatu."

Alivua spika za masikioni. Kwa muda hakujua mikono aiweke wapi. Kisha akapiga simu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si la kawaida yake. "Nilisema nitamleta mwenyewe," akasema. "Nitamleta. Nianze kufunga mizigo, au nikupe uongee naye?"

"Nipe, mama."

Pakapita kelele za mlango, za miguu, za mtu mdogo anayehema.

"Mama, paka wa bibi kazaa. Wanne. Hawajafumbua macho."

"Ee. Tone, unakuja nyumbani. Bibi anakuleta kesho kutwa."

"Nikija kesho kutwa sitawaona wakifumbua."

"Watafumbua lini?"

Akasikika akiuliza, akajibiwa kwa mbali. "Bibi anasema wiki moja."

Mama Tone alitazama dirishani. Chini barabarani mwanamke alikuwa anavuka na watoto wawili, mmoja kila mkono. Siku saba. Alikuwa amehesabu nyingi kuliko hizo, na hakuna aliyewahi kumuuliza Tone mwenyewe anataka nini.

"Basi kaa hiyo wiki," alisema. "Uwaone kwanza."

"Hutalia?"

"Nitalia kidogo."

"Kidogo sawa," Tone alisema, akakata simu kurudi kwa paka wake, na mama yake akabaki ameishika sikioni.