Runi za Zafarani

Ngwali alikuwa na kazi yake, alikuwa na nyumba yake Arlington, Marekani, na alikuwa na mke aliyempikia wali wa nazi akala akashiba. Mtu kama huyo ana haja gani ya kuviuliza vijiti? Hilo ndilo swali ambalo Bi Intisar alimuuliza mumewe tangu baridi ilipoingia, na jawabu hakupata, ila kuambiwa kwamba ilimu za siri hazimhusu.

Ilimu za siri! Ilimu yenyewe kaipata kwa mzungu mmoja dereva mwenzake, mwenye ndevu za kusuka kama binti wa skuli, aliyemkopesha kitabu wakiwa foleni ya teksi uwanja wa ndege. Kitabu kinasema Wazungu wa kaskazini wa zamani, wale waliokuwa wakivamia pwani za wenzao kwa mashoka, walikuwa na herufi zao zinazoitwa runi, na kila herufi ina siri yake: hii mali, hii safari, hii mvua ya mawe. Unazichonga mwenyewe juu ya vipande vya mti. Za dukani hazina nguvu. Halafu ukiwa na jambo unatia mkono mfukoni, unachomoa kipande, unasoma.

"Kama walikuwa wakijua ya kesho, mbona wamekwisha?" Bi Intisar aliuliza. "Mbona mjukuu wao anaendesha teksi?"

"Hujui kitu, Intisar."

"Sijui, kweli. Nilijua nimeolewa na mtu mzima."

Basi akaanza kuchonga. Kitabu kinataka tawi la mti uzaao, na sharti uuombe mti ruhusa kabla ya kuukata, kisha uuachie zawadi. Uani kwao kuna mti wa pekani, wa kuzaa kokwa kama za korosho. Bi Intisar alisimama dirishani, mwiko mkononi, akamtazama baba mzima mwenye mvi kifuani akiutolea mti salamu. Assalamu alaykum, ewe mti! Mti ukanyamaza, naye akauhesabu ukimya ule kuwa ni radhi, kama mwari anayeulizwa na kadhi. Zawadi yake ikawa haluwa, tena haluwa iliyotoka Muscat, ambayo Bi Intisar alikuwa kaificha kabatini kwa ajili ya Idi. Wakaja kindi wakaila yote huku wakimtazama usoni.

Tawi akalikata vipande vya mviringo kama vifungo vya koti, akavipiga msasa gereji, akachora herufi kwa msumari wa moto mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini kinachoungua. Kisha ikaja shida. Kitabu kinasema herufi zitiwe rangi kwa damu ya mwenyewe. Hapo ndipo Ngwali alipokumbuka Uislamu wake. Damu ni najisi, na yeye hawezi kwenda nayo mfukoni msikitini siku ya Ijumaa.

"Alaa!" Bi Intisar akacheka hata akajishika mbavu. "Kuamkiana na mti haikukutia haya, damu ndiyo inakutengua udhu?"

Kwa hivyo akatumia zafarani. Akairoweka kwa marashi ya mawaridi, vilevile kama marehemu babu yake alivyokuwa akiandika kombe kule Wete: aya juu ya sahani nyeupe, marashi yakamiminwa, maandishi yakaoshwa, mgonjwa akanywa kwa bismillahi. Na ili mkono uzoee, kila herufi aliijaribu kwanza kwenye sahani, kisha ndiyo akaitia kwenye mti. Sahani aliyoichagua ni ya kaure, ya ile seti ya wageni. Nyumba ina sahani za plastiki tele, lakini hizo hazikuwa na hadhi ya kutosha kwa maharamia.

Watu wakaanza kumjia, maana mtu akiwa ugenini husikiliza lolote. Celestine, muuguzi wa Kikenya anayekaa Mansfield, alikuja kuulizia mtihani wake wa leseni. "Mzee, niambie tu kama nita-pass, ndio nijue nita-book lini." Ngwali akachomoa kipande, akafumba macho, akasema ushindi. Celestine akaanguka. Aliporudi analia, Ngwali alimwambia kipande kilitoka juu chini na yeye hakukitazama vizuri. Juu chini! Mtu mwenyewe kwenye barabara ya kwenda Plano, anayopita kila siku, hupotea.

Bi Intisar angeliendelea kucheka maisha yake yote, lau si posa ya Yumna.

Yumna ni binti yao wa pekee, na mwaka ule wa 2004 alikuwa ameshatimiza miaka ishirini na minane na kukataa wanaume ambao mama yake aliwalilia. Huyu wa sasa kamtaka mwenyewe. Ni Aiman, kijana wa Kizanzibari anayesomea ufamasia Houston. Walionana kwenye harusi ya watu, na tangu siku hiyo Yumna alikuwa akizungumza na simu huku akitabasamu ukutani. Bi Intisar, ambaye hakumbuki mara ya mwisho kumwona mwanawe akitabasamu ukutani, alikuwa akisali rakaa za ziada ili jambo hili lipite.

Tatizo ni baba yake Aiman. Bwana Abdulhafidh ni mfanyabiashara wa vipuri vya magari, mtu wa msikiti wa safu ya kwanza, na shirki kwake haina ndogo wala kubwa. Mtoto wake wa kwanza alipokwenda kuposa Plano, baba mtu aliona ukumbini kisanamu cha Budha, cha mapambo tu, kimewekewa vitufe vya pipi mapajani. Akaaga hapo hapo. Posa ikafa, na pipi hawakuonja.

"Baba," Yumna alisema, siku moja kabla ya wageni kuja. "Please. Wasiione hata moja."

"Weka kwenye buti la gari," akaamrisha Bi Intisar. "Na kitabu. Na msumari."

Ngwali, kwa uso wa mtu aliyeonewa, akaviweka vyote kwenye buti. Sahani akaisahau. Alikuwa kaifunikia kawa juu ya kabati la vyombo ikauke, na chupa ya marashi ubavuni mwake.

Wageni walifika Jumamosi adhuhuri, miguu imekufa ganzi kwa safari. Alikuwapo Abdulhafidh, alikuwapo Aiman, na alikuwapo Bi Mwanabaraka, mama yake Abdulhafidh, bibi kizee mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wote. Bibi huyu ana sukari, ana presha, ana magoti, na miwani yake huwa kaisahau Houston. Wakamkalisha kwenye kiti laini karibu na kabati la vyombo. Baada ya chakula, Bi Intisar akaingia jikoni na Yumna kupakua visheti na kumimina kahawa. Wanaume walikuwa wakizungumza mambo ya viwanja Unguja.

Alipotoka na sinia, Bi Mwanabaraka alikuwa kaiweka ile sahani nyeupe mapajani, imetakata, na anajipangusa midomo kwa ncha ya mtandio.

"Mashallah," akasema bibi. "Siku nyingi sijanywa kombe. Nimeona nyumba yenye kombe limefunikwa kawa, nikajua hawa ni watu wetu. Nimetia marashi, nimesoma bismillahi, nimekunywa lote. Msinionee uroho, wanangu, ni haya magoti."

Bi Intisar akasimama na sinia yake. Akamtazama mumewe. Ngwali alikuwa kaachama.

"Nani kaliandika?" Abdulhafidh akauliza, na uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu alipofika, ukafunguka. "Huku Marekani? Tumetafuta mtu wa kumwandikia mama kombe hatujampata!"

Hapa mtu mwenye haya angelisema kitu. Angelisema: samahani, ni rangi ya kuchezea. Ngwali alifumba kinywa, akapitisha mkono kwenye ndevu zake, akainamisha kichwa. "Babu yangu alikuwa mwandishi Wete," akasema, kwa sauti ya chini. Na hilo, mwanaharamu, lilikuwa kweli.

Bi Intisar akaweka sinia chini na kukaa. Yumna alikuwa kasimama mlangoni mwa jikoni, mkono kifuani, anamwomba mama yake kwa macho. Haya, mama akanyamaza. Kwani kuna ubaya gani? Zafarani haijaua mtu, marashi hayajaua mtu, na sahani imeoshwa, hakuna wa kuisoma. Bibi kanywa mvua ya mawe ya Wazungu na kashukuru. Akamimina kahawa.

"Na magoti yanasikia," bibi akasema, akinyoosha mguu. "Nasikia joto hilo linashuka. Aiman, njoo mwanangu. Chukua haya madawa yenu." Akatoa kifuko cha vidonge kwenye mkoba. "Yananitafuna tumbo. Katupe jaani. Bwana Ngwali ataniandikia kombe la mwezi mzima."

"Bibi, lakini..."

"Katupe, nimesema."

Aiman akakichukua kifuko, akenda nacho jikoni. Bi Intisar alikuwa kakaa kuelekea mlango ule. Alimwona kijana akifika kwenye pipa la taka, akilifungua na kulibamiza lisikike, kisha akikitia kifuko ndani ya koti lake. Akamtazama Yumna, akamfumbia jicho moja. Yumna akamgeukia mama yake. Akili anayo kijana huyu, Bi Intisar akawaza, akitabasamu. Huyu ndiye.

Na mambo yangelikwisha hapo. Abdulhafidh alikuwa keshatoa mfukoni kitambaa cha posa, kimefungwa vizuri kwa utepe. Lakini kabla ya kukikabidhi aliinuka, akaushika mkono wa Ngwali kwa mikono yake miwili, akaubusu. "Shehe Ngwali," akasema. "Kuunganisha damu na nyumba ya ilimu, hii ni heshima yetu."

Shehe Ngwali! Ngwali akauvuta mkono taratibu, kama wafanyavyo masharifu, akasema, "Si mimi, ndugu yangu, ni baraka za wazee." Kisha, kwa kuwa Mungu akitaka kumwumbua mtu humpa na la kuongeza, akamtupia mkewe jicho la pembeni. "Nyumbani humu wananicheka. Wanawake, unajua tena. Thamani ya mambo haya hawaijui mpaka waje wageni."

Hasira ilimpanda Bi Intisar toka nyayoni.

"Bi mkubwa," akasema, "dawa zako usitupe. Hicho ulichokunywa si kombe."

"Mama," Yumna akasema.

"Si kombe! Ni herufi za Wazungu makafiri wa zamani, majina ya masanamu yao, za kupigia ramli. Kazipata kwa dereva mwenye ndevu za mkia wa punda. Huyu mnayembusu mkono kasimama pale uani akauamkia mti. Mti! Kaupa haluwa yangu! Kamwambia mtoto wa watu atafaulu, kaanguka, kamwambia kipande kilikuwa juu chini. Mnataka kuviona? Viko kwenye buti la gari, nendeni mkamtazame shehe wenu!" Akacheka, na kicheko kilikuwa kitamu, kilikuwa kimelala kifuani tangu baridi ilipoingia. "Shehe! Al-Fatiha yenyewe huisoma mbio kama anakimbizwa na mbwa!"

Bi Mwanabaraka akatema kwenye mtandio wake, akatema tena. Abdulhafidh alikuwa kashika kile kitambaa cha posa, hajui akiweke wapi, mwisho akakirudisha mfukoni.

"Astaghfirullah," akasema. "Aiman, mvishe bibi yako viatu."

"Baba, nisikilize, mimi na Yumna..."

"Viatu, Aiman."

Aiman akapiga magoti, akamvisha bibi yake viatu. Alipoinuka alimtazama Yumna kwa muda mrefu, macho mekundu, kisha akamkamata bibi mkono wakatoka. Hawakuaga. Gari ikawashwa, ikarudi nyuma, ikaishia.

Bi Intisar alingoja ajitetee, maana alikuwa na mengine ya kumpa. Ngwali aliinuka, akachukua ile sahani kwenye kiti cha bibi, akaenda kuiweka mahali pake katika seti ya wageni, kisha akatoka kwenda gereji, na mabega yake yalikuwa ya mzee.

Yumna akaanza kukusanya vikombe.

"Ilikuwa sina budi," Bi Intisar akamwambia. "Bibi yule ana sukari. Angeacha dawa angekufa, na damu yake ingelikuwa shingoni mwetu."

"Dawa zilikuwa kwenye koti la Aiman."

"Mimi ningelijuaje?"

"Ulimwona, mama. Mimi nilikuwa nakutazama wewe." Yumna hakupandisha sauti. Alikuwa akipanga vikombe ndani ya sinia, kimoja ndani ya kimoja, na machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya vikombe wala hayafuti. "Ulimwona akizitia, ukatabasamu. Hukuwa ukimwokoa bibi. Ulikuwa ukimkomoa baba."

Bi Intisar akafungua kinywa. Kwa umri wake wote jawabu lilikuwa likimjia kabla mtu hajamaliza kusema. Hata msibani, hata akiwa na uchungu wa uzazi. Alitafuta neno, akapata mengi ya kumwambia Ngwali. La kumwambia Yumna hakuliona.

"Mwanangu," akasema.

Yumna akapeleka sinia jikoni. Visheti, ambavyo hakuna aliyevionja, akavimimina kwenye pipa la taka. Kisha akapita mbele ya mama yake, akaingia chumbani kwake, akaufunga mlango polepole. Lau angeubamiza, Bi Intisar angelipata la kusema.