Bastola za Mashine Namba Mbili

Alhamisi ya kwanza ya Desemba, saa nane mchana, Jennifer Obiero alishuka na kikapu cha nguo hadi chumba cha kufulia cha jengo lao, pale Bredäng, Stockholm. Kufuli dogo lenye namba ya nyumba yake lilikuwa ubaoni, kwenye tundu la zamu ya saa nane hadi saa kumi na moja, mahali alipolitia kila Alhamisi kwa miaka tisa. Alijaza mashine namba mbili, akamimina sabuni, akakaa kwenye benchi. Mashine iliposimama alitoa foronya nne, shuka, taulo za binti yake Natalie, na bastola ndogo nyeusi.

Haikuwa ya kwanza. Mashine namba mbili ilikuwa ikitoa bastola tangu Machi, na kampuni yenye majengo ilikwisha kubandika karatasi ukutani: vitu visivyo na mwenyewe viwekwe kwenye rafu ya soksi. Rafuni kulikuwa na soksi kumi na moja zilizopotelewa na wenzao, glavu ya mtoto, na bastola tatu. Zote zilikuwa safi na zilinukia sabuni.

"Chukua tu, nnyabo," alisema Noeline, jirani wa ghorofa ya nne, mtu wa Masaka, Uganda, aliyekuja kutafuta soksi yake. "Mimi nilichukua moja, nimeiegesha kwenye mlango wa baraza usipigwe na upepo. Lakini yangu kubwa. Wewe na hicho kiuno chako, tafuta ndogo."

"Nina kazi nayo," alisema Jennifer.

Noeline hakuuliza kazi gani. Aliipata soksi yake, akaikung'uta, akapanda ngazi.

Oktoba, siku ya Ijumaa jioni, Owen, mume wa Jennifer, fundi wa lifti, alitoka dukani na pakiti mbili za maziwa. Mtu alimpiga risasi uwanjani akimdhania mwingine mwenye jaketi la bluu kama lake. Watu kumi na tisa walikuwepo, na wote kumi na tisa walikuwa wakitazama simu zao. Baadaye Jennifer alirudishiwa jaketi kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na pakiti moja ya maziwa ambayo haikupasuka. Hakuna aliyekamatwa. Lifti ya jengo, ambayo Owen ndiye aliyekuwa akiitengeneza, haikufanya kazi tena.

Jennifer alitaka jambo moja tu: amjue huyo mtu, asimame naye karibu, karibu kabisa, na mtu huyo asitambue kwamba Jennifer amebeba kitu. Ndiyo maana bastola ilipaswa kuwa ndogo.

Saa tisa giza lilipoanza kuingia, Owen alikuja. Alikaa juu ya mashine ya kukaushia nguo kwa sababu ina joto. Walikuwa wamemzika kwao Ugenya, Kenya, lakini jioni ya Ugenya ni fupi, jua likitua limetua, na marehemu hapati hata muda wa kukaa vizuri. Jioni ya Stockholm mwezi wa Desemba inamtosha mtu kumaliza kufua. Owen alisema wenzake wengi huja huku majira haya, na treni huwa zimejaa.

"Haya, Mama Natalie," alisema. "Jaribu."

Kazi ya Jennifer ilikuwa kuzunguka nyumba za wazee, kuwaogesha na kuwapa dawa, kwa hiyo alijaribu zote akiwa amevaa sare yake. Aliichomeka ya kwanza kiunoni, akainama kama anayemfunga mzee kamba za viatu. Kitako cha bastola kiliinua blauzi.

"Hiyo hata asiyekujua ataiona."

Ya pili ilikuwa nyembamba, lakini ilimchoma mbavu alipoketi.

"Unakaa kama mtu aliyekalia uma," alisema Owen.

Ya tatu ilikuwa nyepesi, ila mkono wake uliifunika yote na kidole kimoja kikakosa pa kushika. Ya nne, ile iliyotoka siku hiyo, ilikuwa fupi na ya mviringo kama kipande cha sabuni kilichobakia. Jennifer aliiweka kwenye mfuko wa ndani wa sare, akatembea hadi ubaoni, akarudi.

"Sasa?"

"Mimi naiona. Sisi tunaona chuma, nguo haituzuii. Lakini unatembea kama wewe."

Akaichagua hiyo. Nyingine alizirudisha kwenye soksi.

Dirisha la chumba kile lilikuwa usawa wa njia, kwa hiyo mtu aliye ndani huwaona wapita njia kuanzia viatu hadi kiunoni tu. Alhamisi iliyofuata, Jennifer alipokuwa akisubiri taulo zikauke, Owen alitazama nje na kumwelezea.

"Huyu hana. Huyu ana funguo tu. Huyu anayo. Huyo mama mwenye kigari, iko chini ya godoro la mtoto. Huyu hana. Huyu anayo."

Nje vilipita viatu vizito vyenye kamba za manjano, vikasimama kidogo, vikaendelea.

"Hiyo naijua," alisema Owen. "Hiyo ya kiunoni. Tulionana."

Jennifer naye alivijua viatu vile. Vilikuwa vya Ronny, rafiki yao wa kanisani, aliyepanga viti siku ya ibada ya kumuaga Owen, na ambaye kila Jumamosi humpeleka Natalie mazoezini kwa gari lake.

Asubuhi yake alimpigia afisa wa upelelezi. Afisa alikuwa mpole, akamshukuru kwa kupiga.

"Huyo shahidi wako ana namba ya utambulisho?"

Jennifer aliisoma namba ya Owen. Akasikia vidole vikigonga kompyuta.

"Namba hii ilifungwa tarehe kumi na saba Oktoba."

"Ndiyo. Ndiyo siku yenyewe."

"Naelewa. Sina shaka na anachosema. Lakini ushahidi haupokelewi kwa namba iliyofungwa. Ikifunguliwa, mwambie apige mwenyewe."

Alhamisi ya tatu shuka zilikuwa zimekauka saa tisa na nusu. Shuka ya kitanda kikubwa haikunjwi na mtu mmoja, na Owen hawezi kushika kitambaa. Jennifer alikuwa amesimama nayo mikononi mlango ulipofunguliwa.

"Shemeji, nimeona taa," alisema Ronny. "Nikusaidie?"

"Shika huko."

Walishika pembe mbili mbili, wakarudi nyuma hadi shuka ikanyooka.

"Hii ni ya kitanda au ya uwanja wa mpira?"

"Owen alikuwa analala kama anayeogelea."

Ronny alicheka, kisha akaacha. Walisogeleana, wakaunganisha pembe, vidole vikagusana, wakaachana. Wakasogeleana tena. Mara ya tatu shuka ilikuwa imebaki ndogo, ikabidi wasimame kifua kwa kifua, na kitu kilicho kiunoni kwa Ronny kikagonga kile kilicho mfukoni kwa Jennifer. Ulikuwa mlio mdogo, wa vijiko viwili kwenye sinia.

"Naziona zote mbili," alisema Owen.

Ronny aligeuka kutazama mashine ya kukaushia.

"Hiyo imewaka?"

"Imeshazimwa."

Akaweka kiganja chake juu yake, karibu na goti la Owen, akakiondoa upesi.

"Siku ile kulikuwa na giza, shemeji," alisema.

"Najua," alisema Jennifer. "Huku giza huja mapema."

Ronny alichukua kikapu kwa sababu ni kizito na lifti ni mbovu. Alitangulia. Jennifer alimfuata nyuma, karibu, karibu kabisa, kama alivyotaka, mkono wake ukiwa ndani ya mfuko. Bastola ilikaa vizuri kiganjani. Ghorofa ya kwanza taa ya ngazi ilizimika yenyewe, kama ifanyavyo kila baada ya dakika moja. Ronny akasimama gizani, amempa mgongo, mikono yote miwili imeshika kikapu.

"Niwashie, shemeji," alisema. "Nisije nikaziangusha."

Jennifer alitoa mkono mfukoni, akawasha.

Ghorofa ya tatu Natalie alifungua mlango, akampokea Ronny kikapu, akamshukuru kwa Kiswidi. Akauliza kama Jumamosi wanaondoka saa nne au saa tano.

"Saa nne," alisema Ronny. Kisha akamgeukia Jennifer, macho yakiwa kwenye kamba zake za manjano. "Na Alhamisi?"

"Alhamisi njoo," alisema Jennifer. "Kuna shuka nyingine kubwa kama hiyo."

Chini, kufuli lake lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye tundu la wiki inayofuata. Jioni ilikuwa bado ipo, na Owen alikuwa bado amekaa akitazama dirishani.

Huyu anayo. Huyu hana. Huyu anayo. Huyu anayo.