Gadi Hakai Kwenye Mteremko

Saa moja na dakika kumi asubuhi ndoo iliyomo ndani ya behewa ilikutwa imejaa. Ilikuwa ndoo ya bati, ndogo kuliko punje ya mchele, na fundi wa meno bandia alikuwa ameiweka karibu na mlango jana yake ikiwa tupu na bado inanuka rangi. Sasa ilinuka mkojo uliolala. Fundi aliinama na lenzi, akahakikisha, akafungua dirisha la chumba, kisha akaishika ndoo kwa kibanio na kuimwaga kwenye sinki.

Behewa lenyewe lilikuwa na urefu wa kiganja. Lilikuja kwenye boksi kama vipande vya plastiki vya kuunga kwa gundi: sakafu, kuta, magurudumu, paa, na mtu mmoja mwenye kofia. Vitu vya ndani havikuwemo, kwa kuwa waliolitengeneza waliamini kwamba paa likishabandikwa hakuna atakayechungulia. Makumbusho ya reli yalitaka pachunguliwe. Mkuu wa makumbusho aliagiza benchi, jiko la makaa, taa na gurudumu la breki, kwa ajili ya chumba kipya cha historia ya ajali. Alimpa fundi nakala ya mchoro rasmi, akamwambia aufuate.

Baba wa fundi alikuwa gadi, yaani mtu anayekaa peke yake katika behewa la mwisho la treni ya mizigo na kufunga breki kwa mkono. Alikufa siku ambayo mabehewa ya nyuma yalikatika kwenye mteremko mrefu, yakashuka yenyewe hadi darajani. Ripoti ilisema gadi alikuwa amelala. Mjane wake alilisikia neno hilo katika kila ofisi aliyoingia baada ya hapo, na kwa makumbusho alikuwa na ombi moja tu: lisiandikwe kwenye kibao cha chumba kipya.

"Ukiwapelekea kazi yao, waambie," alimwagiza bintiye. "Sitaki kingine. Wasimlaze tena."

Fundi alifanya kazi kwa vifaa vya kliniki. Benchi alilichonga kutoka kijiti cha kiberiti, jiko alilitoboa kwa mashine ya meno, makaa aliyapata kwa kuponda risasi ya penseli. Kila kitu alikipaka rangi safi, kama mchoro ulivyoonyesha. Kulipokucha, benchi lilikuwa jeusi kwa jasho pale mtu anapoegemeza mgongo. Ukuta uliteleza kwa mafuta ya taa. Sakafuni palikuwa na makohozi yaliyokauka, ya rangi ya masizi, na mende wasiozidi chembe ya vumbi walipita kutoka kwenye jiko hadi kwenye ndoo na kurudi. Fundi alisafisha kwa pamba na spiriti. Asubuhi iliyofuata uchafu ulikuwa umerudi mahali pale pale.

"Mama, kwani behewani hakukuwa na choo?"

"Choo cha nani? Walisema gadi anakaa humo safari moja tu. Hiyo safari moja ni siku mbili. Ndoo alinunua mwenyewe, halafu wakaguzi wakaja na viatu vyao vinavyong'aa, wakaandika gadi mchafu." Alilisogelea behewa, akanusa, akarudi kitini. "Ndiyo yenyewe."

Katika mchoro rasmi gadi alikuwa ameketi. Fundi alimketisha kwenye benchi na kuibana miguu yake kwa gundi sakafuni. Alipoamka alimkuta amesimama kwenye gurudumu la breki. Soli za viatu zilibaki kwenye gundi, na nyayo zilikuwa zimechubuka.

"Na wewe umemkalisha wa nini?" mama yake aliuliza. "Baba yako hakai kwenye mteremko. Hata chai alikuwa hanywi mpaka wafike chini."

"Wamesema akae."

"Waulize wao walipanda lini."

Fundi alimwacha asimame.

Ilibaki breki. Chini ya sakafu alikuwa amefunga fimbo tatu za waya wa shaba, kama mchoro ulivyotaka, na ile ndefu ya katikati ndiyo iliyounganisha gurudumu na magurudumu ya chini. Asubuhi fimbo ya katikati ilikuwa juu ya meza, kando ya behewa. Haikuvunjika, ilikuwa imefunguliwa kwa ustadi, na skrubu zake zilipangwa pembeni. Alifunga nyingine, nene zaidi. Nayo aliikuta juu ya meza. Siku hiyo gadi alianza kuzungusha gurudumu mchana kweupe, kwa mikono miwili, kichwa kimeinamishwa. Gurudumu lilizunguka kwa wepesi, kama kifuniko cha chupa ambacho hakishiki. Chini hakuna kilichosogea. Jasho lilimdondoka kwenye makohozi. Fundi alimtazama mpaka chai yake ikaota utando, akaimwaga.

Alilipeleka behewa makumbusho siku hiyo hiyo. Mkuu alikuwa anakula biskuti mezani, amejipulizia manukato mengi, na chembe za biskuti zimemganda pembeni mwa midomo. Alifunua paa, akalifunika tena.

"Dada, hii harufu ya nini?"

"Ya ndoo."

"Itoe."

"Nikiitoa inarudi."

Mkuu alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuwa bomba linavuja. "Na breki je?"

"Kuna fimbo haikai."

"Ile ndefu ya katikati?"

Fundi hakuwa amemwambia ni ipi, na behewa lilikuwa bado limesimama kwa magurudumu yake. Kwenye korido, chini ya picha ya mkuu, paliandikwa kwamba mwaka wa ajali alikuwa msimamizi wa karakana ya mabehewa.

"Ndiyo," fundi alisema. "Hiyo."

"Ilihamishiwa behewa jingine. Vipuri vilikuwa shida wakati ule. Ilikuwa irudishwe Jumatatu."

"Ajali ilikuwa Jumapili."

"Ndiyo maana nasema, ilikuwa bado kidogo tu." Alichovya biskuti kwenye chai, ikakatika, akaiopoa kwa vidole viwili na kuviramba.

"Kwa hiyo baba hakulala."

"Mimi nimesema hivyo?"

"Anazungusha. Mtazame."

Mkuu alichungulia dirishani kwa jicho moja. "Namwona. Anajitahidi, maskini." Alijifuta mikono. "Lakini kibao kimeshachongwa, dada. Kitu kikishachongwa ndiyo basi."

"Ni cha plastiki."

"Hata hicho."

Kisha alichukua gundi kwenye droo na kulibandika paa mwenyewe. Behewa liliwekwa kwenye sanduku la kioo, na viungo vya sanduku vikazibwa kwa silikoni ili harufu isitoke. Kwa kuwa wageni wangeuliza kwa nini gadi anazungusha gurudumu, fundi umeme alifunga kitufe chekundu chini ya kioo, chenye maandishi: *Bonyeza uone gadi akifunga breki.* Kitufe hakikuunganishwa na kitu chochote.

Siku ya ufunguzi mjane alipewa kiti cha mbele. Hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibao, akakisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi palipoandikwa: *Uchunguzi ulithibitisha kwamba gadi alikuwa amelala.* Aliupitisha kidole mstari huo mara ya pili, kisha akasimama kando ya sanduku la kioo. Kwa ndani kioo kilikuwa kimeanza kuota ukungu wa manjano.

Mkurugenzi wa reli alifika na wageni wake. Alisoma maandishi ya kitufe, akabonyeza, akainama dirishani. Gadi alikuwa anazungusha. Mkurugenzi alicheka kwa kuridhika na watu wakapiga makofi.

"Toa kidole, baba," mjane alisema.

"Samahani?"

"Toa kidole kwenye kitufe. Halafu tazama tena."

Mkurugenzi alitoa kidole, akatazama. Gadi alikuwa bado anazungusha, kwa mikono miwili. Makofi yalipungua. Mkurugenzi aligeuka kumtazama mkuu wa makumbusho.

"Kitufe kimenasa," mkuu alisema, na wageni wakaelekezwa kwenye meza ya vinywaji.